Sahani ya Tatu

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu jina lake hubadilishwa kila Mtukufu Mlezi anapoamka na furaha. Mimi ni mwandishi wa habari katika nchi hiyo. Gazeti letu ni moja tu, la Serikali, na tumeshinda tuzo ya gazeti bora tangu tuzo hiyo ilipoanzishwa. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyasimulia niliyashuhudia kazini, na kwamba sina kinyongo na mtu.

Kwetu kila jambo lina ofisi yake. Ukiimba, uko chini ya Baraza la Sanaa. Ukipiga mpira, uko chini ya Kurugenzi ya Michezo. Na kama ulichofanya si sanaa wala mchezo, si kilimo wala afya, basi uko chini ya Idara ya Mambo Mengine. Idara hiyo ndiyo yenye jengo zuri kuliko yote mjini. Vioo vya madirisha yake vimepakwa rangi kwa ndani, ili wafanyakazi wasisumbuliwe na mandhari.

Jambo jingine la kujivunia ni kwamba kwetu hakuna mtu anayepotea. Watu huhama. Jirani akikosekana asubuhi, na gari lake lipo, na miwani yake ya kusomea ipo mezani, tunaambiwa amehama. Nasi humfurahia kwa kupata mahali pazuri kiasi hicho, pasipohitaji hata miwani.

Siwatu binti Mbaruku alikuwa mchoraji wa kadi za harusi na vibao vya maduka, kwenye steshenari moja nyuma ya soko kuu. Baba yake, Mwalimu Mbaruku, alikuwa akifundisha jiografia. Siku moja kwenye kikao cha wazazi aliuliza kwa nini ramani mpya ya nchi imekosa mto mmoja. Wiki ileile akahama. Siwatu wakati huo alikuwa bado anasoma shule, na tangu hapo akaishi na mama yake, Bi Mwanaidi, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache.

Siwatu alipokua alijifundisha mwenyewe kutengeneza magemu ya kompyuta. Watu wakicheza magemu ya vita na ya mbio za magari, yeye alikaa miaka akitengeneza gemu moja dogo, peke yake. Picha zote alizichora kwa mkono. Sauti ya maji yanayochemka aliirekodi jikoni kwao. Akaliita "Sahani ya Tatu".

Nilieleze, maana bila hivyo habari hii haieleweki. Ndani ya gemu wewe ni msichana. Ni jioni. Mama anapika, wewe unaandaa meza. Unabonyeza kitufe, sahani inatoka kabatini. Unabonyeza tena, inakaa mezani. Sahani ni tatu, ya tatu ni ya baba ambaye hajarudi. Kisha mlango unagongwa. Anaingia mtu wa suti, mwenye adabu, anauliza: "Nyumba hii ina watu wangapi?" Chini ya skrini yanatokea majibu mawili: *Wawili*. *Watatu*.

Ukijibu wawili, mtu yule anashukuru na kwenda zake. Kesho yake kiti kimoja hakipo. Keshokutwa kofia iliyotundikwa ukutani haipo, na pale ilipokuwa pamebaki duara jeupe. Kila jioni anarudi, anauliza vilevile. Ukishikilia wawili, inafika jioni mama anakugeukia na kuuliza, "Hivi sauti yake ilikuwaje?" na hapo hapana kitufe cha kujibu.

Ukijibu watatu, mtu wa suti hasemi kitu. Anavuta kiti cha tatu, anakaa, anatazama chakula mpaka kipoe. Kesho anakuja na mwenzake. Siku zinavyokwenda chumba kinajaa watu wa suti waliosimama ukutani, wanamwangalia msichana akipanga sahani.

Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja. Msichana ameishika sahani ya tatu, na gemu linakungoja. Uiweke mezani, au uirudishe kabatini. Ukishafanya moja kati ya hayo mawili, skrini inazimika. Hakuna alama, hakuna kombe, hakuna muziki wa ushindi. Gemu lote linaisha kabla wali haujaiva.

Siwatu aliwapa marafiki wachache kwenye flashi. Marafiki wakawapa marafiki zao. Baada ya muda likawa kwenye kompyuta za mabenki, za hospitali, za kambi za jeshi. Na mjini kukatokea jambo la ajabu: sahani zikaadimika madukani.

Waziri wa Biashara aliwahi kulitolea jambo hilo tamko. "Ndugu wananchi," alisema kwenye televisheni, "kuadimika kwa sahani ni ushahidi kwamba sasa mnakula kuliko mlivyokuwa mkila. Ninyi mnaolalamika kuwa hamli, sahani zinawaumbua!" Tulimpigia makofi, na mimi niliiandika habari hiyo ukurasa wa mbele. Meli ya sahani ikaagizwa kutoka nje. Nayo ikaisha.

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Bwana Latifu wa Idara ya Mambo Mengine. Alialikwa chakula cha jioni kwa shemeji yake, akaona sahani moja safi imewekwa mahali pasipo mtu, na hakuna aliyeigusa mpaka chakula kikaisha. Hakuuliza kitu. Alikula, akashukuru, akaomba maji ya kunawa. Kesho yake akaalikwa kwingine, akaiona tena.

Bwana Latifu ni mtu mpole sana. Alikwenda mwenyewe steshenari, akasubiri Siwatu amalize kumhudumia mteja, ndipo akasalimia.

"Binti, kazi yako nzuri. Kadi hii ya maua ni bei gani?"

Siwatu akamtajia.

"Mama hajambo? Macho bado yanamsumbua anapotunga uzi?"

Siwatu aliweka brashi chini. Mama yake hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za macho yake isipokuwa yeye.

"Hajambo, mzee," alijibu.

"Vizuri. Tuna mashaka madogo kuhusu gemu lako, basi tumeunda Kamati ya Kubaini. Ikionekana ni mchezo, utakwenda kwa Bwana Chambuso wa Michezo, naye atakutoza faini kwa kuchezesha bila refa. Ikionekana ni sanaa, utakwenda kwa Profesa Tindwa wa Baraza. Sanaa ni uongo unaoruhusiwa, hakuna ubaya. Lakini isipokuwa hiki wala kile..." Alitabasamu kama mtu anayeogopa kumuudhi mwenyeji wake. "Basi itakuwa ni taarifa. Na mwenye taarifa inabidi atueleze aliipata wapi. Hiyo sasa ni kazi yetu sisi."

"Na kwenu mtu hukaa muda gani?"

"Wengi hupapenda," alisema Bwana Latifu. Akanunua kadi mbili za maua, akalipa, akaaga.

Nyumbani, Bi Mwanaidi alisikiliza yote bila kusimamisha cherehani. Alipomaliza mshono aliinuka, akafungua sanduku, akatoa sweta.

"Mama, nimeitwa kuulizwa tu."

"Baba yako naye aliitwa kuulizwa tu. Kulikuwa na jua kali, nikamwacha aende na shati." Akamkunjia sweta. "Chukua, mwanangu. Usibishane na mimi."

Kamati ilikaa kwenye jengo la Baraza la Sanaa, nami nikatumwa kuripoti. Siwatu alikalishwa kwenye kigoda katikati ya chumba, kompyuta yake mezani. Bwana Latifu alikaa nyuma karibu na mlango, miguu pamoja, kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi.

Aliyeanza alikuwa Bwana Chambuso, Mkurugenzi wa Michezo, aliyevaa tai juu ya traksuti. Alikuja na refa wa kweli, mwenye filimbi na kadi mfukoni, ambaye alikalishwa acheze huku Mkurugenzi akiangalia saa. Refa alicheza. Mtu wa suti alipoingia mara ya kwanza, refa alipuliza filimbi.

"Faulo gani?" akauliza Bwana Chambuso.

"Ameingia bila kuruhusiwa, mkuu."

"Endelea."

Refa aliendelea. Kadiri alivyoendelea ndivyo filimbi ilivyomtoka mdomoni, mwishowe ikabaki ikining'inia kifuani. Skrini ilipozimika akaulizwa matokeo.

"Hakuna matokeo, mkuu."

"Sare?"

"Hata sare siyo. Tumefungwa, lakini sikuona nani kafunga."

Bwana Chambuso alisimama kutoa uamuzi. "Mchezo," alisema, "ni jasho, bendera na mshindi. Huwezi kuwa na mchezo ambao mtu anamaliza akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Timu yetu ya taifa ni jambo tofauti. Kurugenzi inakataa. Huu si mchezo." Alipokuwa anakusanya vitu vyake alipita karibu na kigoda cha Siwatu, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Binti, nami nilicheza nyumbani. Ipo njia ya kufanya yule baba arudi? Labda mtu akibonyeza haraka?"

"Hakuna njia, mzee."

"Nilijaribu mara nyingi," alisema Bwana Chambuso, akainuka, akatoka.

Ilibaki sanaa. Nilimwona Siwatu akiliweka sweta lake mapajani na kulishika kwa mikono miwili.

Profesa Tindwa, Mwenyekiti wa Baraza, ni msomi anayeheshimika. Ndiye aliyeandika tamthilia ya taifa inayooneshwa kila sikukuu, ambayo huanza asubuhi na kuisha mabalozi wakiwa wamelala. Alisafisha koo.

"Sanaa," alisema, "ina sifa zinazojulikana kisayansi. Inatundikwa, au inachezwa uwanja wa ndege, au inaimbwa wakati Mtukufu anashuka ngazi. Zaidi ya hapo, sanaa ni ndefu. Taifa kubwa haliwezi kuwa na sanaa inayoisha kabla ya wali kuiva. Hata hivyo, Baraza ni la haki. Tutaipima."

Wakaipima. Msumari ulipigiliwa ukutani, kompyuta ikafungwa kamba, ikatundikwa kati ya picha mbili za Mtukufu. Ilining'inia kwa heshima kidogo, kisha msumari ukang'oka, na Siwatu akaidaka kabla haijagusa sakafu. Ikaandikwa: haitundikiki. Halafu likaitwa kundi la ngoma, likaambiwa licheze kwa kufuata sauti za gemu. Sauti zilikuwa maji yanayochemka, mlango unaogongwa, na kijiko. Wachezaji walijitahidi sana kwenye maji, lakini kila mlango ulipogongwa walisimama ghafla, na wawili wakatazama mlango wa kweli. Ikaandikwa: haichezeki.

"Basi," alisema Profesa, akichukua kalamu, "Baraza linalazimika kusema..."

"Profesa," Bwana Latifu alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini. "Samahani kukukatiza. Wewe mwenyewe umelicheza?"

"Mimi?"

"Watu watauliza. Ingependeza tukiwajibu kuwa umelicheza."

Profesa Tindwa alisogeza kiti kwenye meza. Siwatu akamwonesha vitufe, na mzee akatikisa kichwa kama mtu anayefundishwa kula. Alipanga sahani. Mtu wa suti alipouliza, Profesa alibonyeza *Wawili* kwa kidole kilichonyooka, akatugeukia ili tuone uzalendo wake. Jioni ya pili akabonyeza tena. Kiti kikaondoka. Kofia ilipoondoka na kuacha duara jeupe ukutani, hakutugeukia tena. Alikuwa ameegemea mbele, miwani ikimulikwa na skrini.

Ikafika jioni ile ya mama. *Hivi sauti yake ilikuwaje?*

Profesa alibonyeza. Hakikutokea kitu. Akabonyeza kitufe kingine, na kingine.

"Cha kujibia kiko wapi?"

"Hakipo, Profesa," alisema Siwatu.

"Lakini nataka kujibu."

"Najua."

"Binti, nakwambia nataka kujibu! Najua ilikuwaje!"

Wote tulijua kwamba Sudi, mtoto wa Profesa, alikuwa amehama zamani akiwa chuo kikuu, na kwamba Profesa alimwandikia Mtukufu shairi la shukrani wiki hiyohiyo. Gemu liliendelea lenyewe. Msichana akaishika sahani ya tatu. Profesa aliweka kidole juu ya kitufe akakiacha hapo, muda mrefu mpaka wapiga ngoma wakaanza kukaa chini. Kisha akaiweka sahani mezani, skrini ikazimika, na uso wake ukabaki ndani ya kioo cheusi.

"Nani alikufundisha hivi?" aliuliza.

"Hakuna, Profesa."

"Ulikusudia iwe sanaa?"

"Sikufikiria jina lake," alisema Siwatu. "Nikisimulia watu walinionea huruma, wakaenda zao. Nikichora walisema nimechora vizuri. Nilitaka mtu mwingine asimame pale mezani na sahani mkononi, aone ilivyo nzito. Basi nikatengeneza mkono."

Profesa alivua miwani. "Nimeona kazi nyingi za huzuni," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anahutubia. "Nimeandika nyingine mwenyewe, kwa maneno marefu. Zote mtu anaweza kukaa na kuzitazama, mikono yake ikiwa mapajani. Hii ilinisubiri. Nilipojibu wawili, hakujibu mtu mwingine, ni kidole hiki." Akakitazama. "Andikeni kuwa ni sanaa. Andikeni kwamba Mwenyekiti amesema."

Siwatu alifunika uso kwa sweta. Mimi nilitazama nyuma, nikitegemea kumwona Bwana Latifu amekasirika. Alikuwa anapiga makofi, taratibu, kwa furaha ya kweli.

"Hongera, binti," alisema. "Serikali inapenda sanaa. Sasa inabidi kila mtu aione."

Siku chache baadaye alirudi steshenari na habari njema. Gemu lingeoneshwa kwenye Ukumbi wa Taifa, mchana, mbele ya wakuu na wananchi walioteuliwa kutoka kila mtaa. Kila kiti kilikuwa kinafungwa vitufe viwili, na nyaya zake zilikuwa zinapita chini ya sakafu mpaka jengo la jirani. Jengo la jirani, kwa bahati, ni la Idara ya Mambo Mengine.

"Tunaomba marekebisho madogo tu," alisema Bwana Latifu. "Gemu likumbuke nani amejibu nini. Kwa takwimu."

Siwatu alinieleza mwenyewe baadaye, siku ya maonesho, tulipokuwa tunasubiri milango ifunguliwe, kwamba baada ya maneno hayo alikaa kwenye maboksi ya karatasi. Aliona akilini jengo la Idara limejaa watu aliowafundisha kujibu watatu. Alifikiria kukataa, lakini mashine ilikwisha kutengenezwa, wangempata mwingine wa kuifanyia kazi.

"Mzee, naomba nilirekebishe kwa mkono wangu," alimwambia.

"Ndivyo tulivyotaka," alisema Bwana Latifu. "Msanii aheshimiwe."

Siku ya maonesho ukumbi ulijaa. Hauna madirisha, kwa sababu uligharimu sana. Bi Mwanaidi alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya mama wa msanii, akakaa kando ya Profesa Tindwa. Wakuu walihutubia. Waziri wa Biashara alitangaza kuwa nchi yetu sasa ni ya kwanza duniani kwa kuwa na sanaa yenye vitufe. Kisha taa zikapunguzwa, na kwenye skrini kubwa kama ukuta ikatokea meza tunayoijua wote.

Maji yakachemka. Sahani tatu zikakaa. Mlango ukagongwa, na ingawa wote tulikwisha kulicheza gemu, nilisikia ukumbi ukishtuka kama mtu mmoja. Mtu wa suti akaingia, akiwa mkubwa kupita kiasi.

*Nyumba hii ina watu wangapi?*

Vidole vikaenda kwenye vitufe. Lakini chini ya swali hapakutokea majibu. Watu walibonyeza, na hakikutokea kitu. Mtu wa suti alisimama mlangoni, akatutazama, akangoja.

Bwana Latifu alipanda jukwaani kwa haraka ya adabu, akamwinamia Siwatu aliyekaa kwenye kompyuta.

"Majibu yako wapi, binti?"

"Nimeyatoa," alisema Siwatu, na kipaza sauti kilikuwa karibu, tukamsikia wote. "Sasa linasikiliza."

Sijawahi kusikia watu wengi vile wakiwa kimya bila kuamriwa. Niliona jasho likimtiririka askari wa mlangoni. Nilidhani tutakaa hivyo mpaka jioni, turudi makwetu, na habari iishe hapo.

"Watatu," alisema Bi Mwanaidi.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mteja anayeuliza vifungo. Siwatu alimtazama mama yake kutoka jukwaani.

Profesa Tindwa akasimama, akajirekebisha koti. "Kwangu mimi tulikuwa watano," alisema. "Mwanangu alikuwa na sauti nzito kuliko mwili wake. Akicheka sebuleni, vikombe vilisikika."

"Wanne," akasema mwanamke nyuma yangu.

"Saba, na mimi ndiye niliyebaki."

"Tulikuwa wawili tu. Mimi na mume wangu."

Mtu mmoja akaamuru kwa sauti taa zizimwe, skrini izimwe, umeme wote ukatwe. Ukakatwa. Nadhani aliyetoa amri ile alikuwa na nia njema ya kurejesha utulivu, lakini matokeo yake ukumbi usio na dirisha ukawa giza tupu, na kwenye giza watu wakagundua kwamba hakuna anayewaona. Idadi zikaanza kutoka kila upande, na baada ya idadi, majina. Majina yalipandana mpaka sikuweza tena kuyatenga. Tulisikia milango ikifungwa kwa nje, komeo moja baada ya jingine, na hakuna aliyenyamaza. Sauti moja iliyokuwa imezoea kupiga kelele uwanjani ilitaja jina la kike mara mbili.

Taa ziliporudi, mtu wa kwanza niliyemtafuta alikuwa Siwatu. Meza ilikuwepo jukwaani. Kompyuta haikuwepo, naye hakuwepo. Bi Mwanaidi alikuwa anapanda ngazi za jukwaa peke yake, ameshika reli, akiita jina la mwanawe. Bwana Latifu alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Asanteni kwa ushirikiano," alisema. "Msisukumane. Kila mtu atasikilizwa."

Tuliachiwa usiku ulipoingia, wengi wetu. Kesho yake ilitangazwa kwamba maonesho hayakufanyika. Kamati ya Kubaini ilikaa upya bila mwenyekiti, ikabaini kwamba gemu lile si mchezo wala si sanaa. Profesa Tindwa alistaafu kwa ugonjwa, na habari za ugonjwa wake alizisikia kwenye redio kama sisi wengine. Kuhusu Siwatu binti Mbaruku, gazeti letu liliandika kwamba amehama.

Bi Mwanaidi hakufunga cherehani akakaa kulia. Alivaa vizuri, akaenda kwenye jengo la Idara ya Mambo Mengine, jambo ambalo hakuna raia aliyewahi kulifanya kwa hiari, akasimama mbele ya dirisha la mapokezi. Bwana Latifu alishuka mwenyewe kumpokea. Karani wa hapo ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao.

"Mama, karibu. Kumbukumbu zetu zinaonesha unaishi peke yako. Tunaweza kukusaidia, labda nyumba ndogo zaidi?"

"Tuko watatu," alisema Bi Mwanaidi. "Wawili wako kwenu. Nimekuja kuwachukua."

"Hawapo hapa, mama. Wamehama."

"Basi nipe anuani, niwapelekee nguo."

Bwana Latifu alimwomba arudi kesho, kwa upole wake uleule. Kesho yake alirudi, na alikuwa na mwanamke mwingine. Siku iliyofuata walikuwa wengi, kila mmoja na kifurushi cha nguo: sweta, mashati ya shule, viatu vilivyopigwa rangi upya. Hawakupiga kelele wala hawakubeba bango. Walijipanga, na kila aliyefika dirishani alitaja idadi ya nyumba yake, akaomba anuani, akaambiwa arudi kesho, akaenda kusimama tena mwisho wa foleni. Bwana Chambuso alikuwemo, ameikunja nguo ya mwanamke kwenye mfuko wa mipira. Mara nyingine mtu aliyekuwepo jana hakuwepo leo, na ndugu yake alikuja kusimama mahali pake na kifurushi kilichoongezeka.

Foleni ilipotoka nje ya geti, ikapita benki, ikakunja kona ya posta, mhariri wangu aliniita.

"Nenda kaandike," alisema. "Kichwa cha habari kitakuwa 'Wananchi Wamiminika Kufurahia Huduma za Idara'. Hesabu watu, piga picha, urudi kabla ya saa nane."

Nilikwenda. Nilitembea kando ya foleni nikihesabu mpaka hesabu ikanipotea. Juu, kwenye moja ya madirisha yaliyopakwa rangi, mtu alikuwa amekwangua sehemu ndogo kwa ndani, na nyuma yake kulikuwa na jicho. Sikujua ni la mfanyakazi au la nani.

Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama mmoja mnene mwenye mwavuli. Nilisimama nyuma yake ili nipate picha nzuri ya urefu. Akageuka, akaitazama kamera yangu, akatazama mikono yangu kuona kama nimebeba nguo.

"Na wewe, baba," aliniuliza, "umemfuata nani?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba niko kazini. Badala yake nikamtajia jina la mdogo wangu aliyehama.

"Basi songa karibu," alisema, "watu wasije wakaingia kati."